Je, kipepeo hutoka kwenye kifukofuko?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu waliniletea tawi la mlimao lenye kitu cha kijani kilichong'ang'ania kijiti, kimezungushiwa uzi mmoja kiunoni. Nikawaambia hicho ni kifukofuko cha kipepeo. Mmoja akanibishia, akasema kitabu kinakiita pupa. Wiki hiyo hiyo nilihudhuria semina, mwezeshaji akatuambia "tokeni kwenye vifukofuko vyenu", kisha akasimulia habari za mtu aliyemsaidia kipepeo kutoka kwenye kifukofuko, na yule kipepeo asiruke tena maisha yake yote. Naomba kujua kifukofuko ni nini hasa, kama ni kitu kimoja na pupa, na kama hadithi ile ni ya kweli.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako yuko sahihi, na ningeomba umpongeze mbele ya wenzake. Kilicho kwenye tawi lenu si kifukofuko. Ni pupa, yaani mdudu mwenyewe akiwa katika hatua ya kati, si kiwavi tena na bado si kipepeo, tena pupa aliye wazi, asiye na nyumba yoyote juu yake. Nawe usijilaumu, kwa sababu kosa hilo limo katika mabango ya madarasani, katika vitabu vya watoto na hata katika baadhi ya kamusi.

Kwa jinsi ulivyoeleza (mlimao, rangi ya kijani, uzi mmoja kiunoni), mgeni wenu karibu kwa hakika ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Papilio demodocus. Viwavi wake mmewaona mara nyingi kwenye michungwa na mindimu bila kujua ni wa nani. Wakiwa wadogo wana weusi na doa jeupe, utadhani kinyesi cha ndege kimedondoka juu ya jani, na hiyo ndiyo kinga yao. Wakikua hugeuka kijani. Ukimgusa mkubwa, nyuma ya kichwa huchomoza kitu chekundu chenye pembe mbili, na papo hapo unasikia harufu kali.

Akishashiba vya kutosha, kiwavi huyo huchagua kijiti, hutema nyuzi kidogo na kutengeneza kidoa cha hariri, hukishika kwa ncha ya mkia, kisha hujipitishia uzi mgongoni kama mtu anayepanda mnazi kwa kamba. Hapo hutulia kwa muda mrefu bila kutikisika. Halafu ngozi hupasuka karibu na kichwa na kuteremka hadi mkiani, kama soksi inavyovuliwa, na chini yake anaonekana pupa, laini kwa muda mfupi kabla hajakauka na kuwa mgumu. Kwa hiyo hariri ipo, ila ni mkanda tu. Lile ganda mnaloliona ni mwili wake mwenyewe.

Kifukofuko ni kitu kingine. Ukilisikiliza neno lenyewe unausikia mfuko ndani yake, na ndivyo kilivyo: ni kifuko ambacho kiwavi hujifumia kwa nyuzi zinazotoka mdomoni mwake kabla hajawa pupa. Wafundishe watoto hivi: pupa ni mwenye nyumba, kifukofuko ndiyo nyumba. Vipepeo walio wengi hulala bila nyumba. Nondo, wale wadudu ndugu wa vipepeo, wengi wao hujenga. Wapo vipepeo wachache wanaojifumia vijikoba hafifu, na wapo nondo wanaojichimbia udongoni bila kufuma chochote, lakini kwa darasa la shule ya msingi kanuni hiyo inatosha.

Mjenzi hodari kuliko wote ni kiwavi wa nondo wa hariri, Bombyx mori, ambaye Wachina wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa majani ya mforosadi. Hula karibu mwezi mzima, akijivua ngozi mara nne, kisha huacha kula, huinua kichwa na kuanza kukipeleka huku na huko kwa mwendo wa namba 8. Kazi hiyo huichukua siku mbili hadi tatu. Uzi ni mmoja mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, na ukinyooshwa hufika mita 600 hadi 900, wakati mwingine hupita kilomita. Ukiutazama kwa hadubini utaona ni nyuzi mbili zilizounganishwa kwa aina ya gundi, kwa kuwa tezi zinazoutoa ziko mbili. Gundi hiyo ndiyo inayokifanya kifukofuko kikauke na kuwa kigumu kama karatasi nene, na ndiyo sababu wasokotaji huvitumbukiza katika maji ya moto kabla ya kuuvuta uzi.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi wavaao hariri hawalijui. Nondo akiachwa akomae, hutoa kimeng'enya kinacholainisha upande mmoja wa kifukofuko, hupenya na kutoka. Akitoka, ule uzi mmoja umekuwa vipande vingi. Ndiyo maana mfugaji humuua pupa kwa mvuke au joto kabla hajatoboa. Hariri laini ya dukani, kwa sehemu kubwa, ni nyumba ambazo wenyewe hawakutoka.

Huku kwetu tuna wafumaji wa porini. Katika nchi kavu ya Mwingi, Kenya, nondo wa jamii ya Gonometa hufuma vifukofuko vigumu kwenye migunga, vyenye vinyweleo vinavyowasha vikigusa mkono. Katika msitu wa Kakamega wapo viwavi wa Anaphe, na hao wananivutia zaidi, kwa sababu hawajengi kila mmoja kwake. Kundi zima hufuma mfuko mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia, kisha ndani ya mfuko huo kila mmoja hujitengenezea chumba chake. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, yenye makao yake Nairobi, imefanya kazi na wanavijiji wa sehemu hizo mbili ili hariri hiyo ivunwe na kusokotwa. Kusini mwa Afrika vifukofuko vitupu hutiwa vijiwe na kufungwa miguuni mwa wachezaji ngoma, vikawa njuga.

Huna haja ya kusafiri hadi Kakamega, lakini. Tazama kuta za nyumba yenye unyevu, hasa nyuma ya kabati. Utaona kidude bapa cha kijivu, kama mbegu ya boga, urefu wake kama sentimita moja. Watu hukifagia wakidhani ni uchafu. Kingoje dakika mbili. Kichwa kidogo cheusi kitatokeza, vitatokeza na vimiguu, na kidude kitaanza kupanda ukuta kikijivuta. Huyo ni kiwavi wa nondo mdogo aliyejishonea koti la hariri na kulipachika mchanga, vumbi, nywele na nyuzi za nguo. Koti liko wazi pande zote mbili, na yeye hugeuka humo ndani akatokea upande autakao. Hatuliiti kifukofuko bado, maana mwenyewe anatembea nalo na kula akiwa nalo. Siku atakapolifunga na kuwa pupa humo humo, ndipo litakapostahili jina hilo. Wanafunzi wako wataweza kumpata bila kutoka nje ya uzio wa shule.

Binamu zake wa kwenye migunga na michongoma hujifunga vijiti vya miiba, mtu akadhani ni kifurushi cha kuni kinachoning'inia. Katika spishi zao nyingi jike hapati mabawa kamwe. Huishi ndani ya mfuko, dume humfuata hapo hapo, hutaga hapo hapo na kufia hapo hapo.

Na kama shuleni kwenu kuna mwembe, au umewahi kufika Mtwara kwenye mikorosho, unawafahamu maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Chungu mkubwa hana hariri. Mwenye hariri ni mtoto, lava. Basi kundi moja huvuta kingo za majani mawili zikutane, na wengine huwashika lava midomoni na kuwapeleka huku na huko kati ya jani na jani, kama mfumaji anavyorusha kibiringo cha uzi. Lava wa chungu wengine hutumia hariri yao kujifumia vifukofuko. Lava wa maji moto huitoa yote kwa ajili ya nyumba ya wote, na ukifika wakati wa kuwa pupa hulala bila kifukofuko. Kila ninapolisimulia hili darasani, wanafunzi hunyamaza.

Neno hili hutumika pia, kwa upana zaidi, kwa kifuko cha nyuzi ambamo buibui hutia mayai yake, na kwa kile kipunje chenye umbo la limau ambacho nyungunyungu hukiacha udongoni kikiwa na mayai ndani. Hivyo havihusiani na kugeuka umbo. Ni vitalu vya mayai, basi.

Sasa, ndani ya pupa kunatokea nini? Usiwaambie watoto kwamba "amelala". Sehemu kubwa ya misuli na utumbo wa kiwavi huvunjwavunjwa, na malighafi yake hutumika kujengea mwili mpya. Lakini si kila kitu huyeyuka. Tangu akiwa kiwavi hubeba vifungu vidogo vya seli vilivyokuwa vikingoja, hiki cha bawa, hiki cha jicho, hiki cha mguu, na sasa ndipo hukua. Ubongo nao hupangwa upya bila kufutwa wote. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio ambalo waliwafunza viwavi wa nondo kuikwepa harufu fulani kwa kuwapa mshtuko mdogo wa umeme kila walipoinusa. Waliofunzwa karibu na kuwa pupa waliikwepa harufu ile hata baada ya kuwa nondo wenye mabawa. Waliofunzwa mapema zaidi walikuwa wamesahau. Yaani kuna kumbukumbu zinazovuka.

Kuhusu hadithi ya semina. Nimeipokea kwa simu mara nyingi, na huwa nasikitika, kwa sababu ina chembe ya ukweli iliyozungushiwa makosa. Kosa la kwanza unalijua sasa: kipepeo kwa kawaida hana kifukofuko. La pili ni maelezo yake, kwamba mapambano ya kutoka ndiyo yanayosukuma maji mabawani, hivyo ukimpunguzia taabu umemlemaza. Mabawa hukunjuka baada ya kutoka. Kipepeo hutoka na vibawa vilivyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, hupanda hadi mahali pa kuning'inia, na hapo ndipo husukuma damu yake ndani ya mishipa ya mabawa hadi yanyooke. Baadaye hukauka yakiwa vile vile yalivyonyooka. Akikosa pa kuning'inia, au akianguka sakafuni kabla hayajakauka, yatakauka yakiwa yamepinda na hatoruka. Chembe ya ukweli ni kwamba ukimchana kabla ya wakati wake utamkuta hajakomaa, na ukimvuta utamjeruhi. Kwa hiyo onyo la "usimguse" ni sahihi. Funzo la kwamba taabu ndiyo inayompa mabawa si sahihi, na sipendi watoto wafundishwe kwamba msaada hulemaza kwa ushahidi wa mdudu ambaye hakutoa ushahidi huo.

Nije kwenye "tokeni kwenye vifukofuko vyenu". Usemi huu umeingia kwetu kutoka lugha za Ulaya. Kifaransa wana "cocon", nalo ndilo lililozaa "cocoon" la Kiingereza, na huko limepanuka sana. Mwaka 1981 Faith Popcorn, mtabiri wa mwenendo wa masoko wa Marekani, alilitumia kutaja tabia ya watu kujifungia majumbani na starehe zao wakiikimbia dunia ya nje. Madaktari hulitumia kwa mpango wa kumkinga mtoto mchanga na kifaduro kwa kuwachanja wale wote wanaomzunguka. Na Machi 2020, korona ilipopamba moto, serikali ya Ireland ilitumia neno hilo hilo kuwataka wazee wa zaidi ya miaka 70 wabaki ndani. Utaona kwamba katika matumizi hayo yote kinachotazamwa ni ukuta wa kifukofuko, yaani joto na usalama. Kazi inayofanyika ndani imesahaulika.

Mimi sina ugomvi na neno kuazima maana mpya. Ugomvi wangu na mwezeshaji wako ni kwamba alilitumia kama tusi la uvivu, wakati Kiswahili kina maneno yake kwa kila hali aliyotaka kuisema. Mtu anayejificha kwa woga tunamfananisha na kobe au konokono, maana hao huingia gambani wakiguswa na kutoka vile vile walivyoingia. Mtoto aliyekingwa na kila upepo tunasema amelelewa kama yai, na vijana wa mjini wana lao zuri zaidi: mtoto wa geti kali. Geti hilo amejengewa na wazazi. Kifukofuko hakijengwi na mzazi. Kiwavi hukitoa mwilini mwake mwenyewe, kwa muda maalumu, akiwa na nia ya kutoka akiwa mwingine. Na kama unamsema mtu aliyejifungia na hatatoka kamwe, yupo yule jike wa kwenye mgunga, mwenye mfuko wa vijiti.

Tena, wazo la kujitenga kwa muda ili utoke ukiwa mtu mwingine halikuja kwetu na semina. Tuna fungate, siku saba za maarusi. Tuna arobaini ya mzazi na mtoto wake. Tuna eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Tuna kitenzi kizima, kutawa, ambacho ndicho kilichotupa mtawa. Na tuna mwali anayewekwa ndani, kisha siku ikifika hutolewa nje kwa ngoma na vigelegele.

Juu ya mwali kuna jambo ambalo nililigundua nikiwa tayari mtu mzima, na furaha yake haijanitoka. Neno "pupa" ni la Kilatini, na maana yake ni msichana, pia mwanasesere. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden wa karne ya 18, alilichukua kwa sababu mdudu katika hatua hiyo anafanana na kitoto kilichoviringishwa nguo. Sasa nenda kwa Wazaramo na majirani zao, hapo hapo kati yako na Dar es Salaam. Msichana wao alipowekwa ndani alipewa kinyago kidogo cha mti cha kumlea na kumtunza kama mwanawe, nacho huitwa mwana hiti. Msichana ndani, mwanasesere mkononi, anangoja siku ya kutolewa. Linnaeus hakuwajua Wazaramo, wala wao hawakumjua. Simaanishi kwamba nautaka utaratibu wa kuwatoa wasichana shule wakakae gizani, la hasha. Nasema ukitafuta mfano wa kifukofuko kwa binadamu, Kiswahili hakihitaji kuazima. "Ameingia mwali" inabeba yote: kujitenga, kufundwa na kutoka.

Kwa hiyo ukilitumia neno kifukofuko kwa mtu, litumie kwa fundi aliyejifungia miezi akijifunza kazi mpya, au kwa mtu aliyefiwa ambaye yuko kimya akijikusanya upya. Hao usiwaambie watoke. Waulize wanahitaji nini.

Turudi kwenye tawi lenu la mlimao, maana huyo hangoji. Liwekeni ndani ya boksi lenye upande mmoja wa chandarua, likiwa limesimama kama lilivyokuwa mtini, mbali na jua la moja kwa moja na mbali na sisimizi. Acheni nafasi ya kutosha juu na pembeni, na wekeni kijiti cha kukwaruza ambacho ataweza kukipanda. Msimbandue. Kila asubuhi mtoto mmoja aandike alichokiona, hata kama ni "hakuna kilichobadilika". Maria Sibylla Merian alianza hivyo hivyo huko Frankfurt mwaka 1660, akiwa na miaka 13, akiwatazama viwavi wa hariri na kuwachora. Mwaka 1699 akavuka bahari hadi Suriname kuwachora wa huko, na tangu hapo elimu ya wadudu haikuwa tena ilivyokuwa.

Kwa kawaida mtangoja wiki mbili hadi tatu, ila kiangazi kinaweza kurefusha muda huo. Dalili mtaiona: pupa atakuwa mweusi, na yale madoa ya manjano ya mabawa yataanza kuonekana kupitia ganda. Hapo kaeni chonjo, maana mara nyingi hutoka asubuhi. Akitoka atadondosha matone ya maji yenye rangi, na watoto watadhani anavuja damu. Waambie ni taka alizozihifadhi muda wote aliokuwa pupa. Mpeni saa mbili au tatu kabla ya kufungua chandarua.

Na mkikuta tundu dogo limetobolewa ubavuni mwa pupa, na vinyigu vidogo kama nzi wa matunda vinazunguka ndani ya boksi, msivitupe. Mama wa vinyigu hivyo alitangulia kutaga mayai ndani ya pupa akiwa bado laini, nao wamekula na kukulia humo. Wahesabuni, muandike idadi kwenye daftari lile lile, kisha wafungulieni nao.